Nifundisheje sheria ya ardhi ili mwanafunzi aweze kushika jalada mwenyewe?

Mkufunzi_Buhongwa aliandika:

Wakuu habari za wakati huu, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Mimi ni mkufunzi msaidizi wa sheria hapa Mwanza, nafundisha seminari za sheria ya ardhi mwaka wa pili. Chuo sitakitaja. Naomba mawazo ya mawakili, mahakimu, walimu wenzangu na wanafunzi wenyewe, maana jambo hili limenikaa kichwani na sitaki kulibeba peke yangu.

Muhula huu niliingia seminari na karatasi moja badala ya orodha ya maswali. Ni nakala ya hati ya mauziano ya kiwanja upande wa Kisesa. Mwenye nayo aliniruhusu kuitumia, na majina yote nimeyafuta kwa wino mweusi. Wengi wenu mnazijua hati za aina hii. Imeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa uliochanwa kwenye kaunta buku: nimemuuzia ndugu fulani kiwanja changu chenye hatua 20 kwa 30, mashariki kinapakana na mzee fulani, magharibi njia ya ng'ombe. Bei kwa tarakimu ni milioni nne, kwa maneno ni milioni nne na nusu. Mashahidi ni wanne, wawili wameweka dole gumba. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa umegongwa juu ya sahihi ya muuzaji mpaka sahihi haisomeki. Mke wa muuzaji hayumo popote kwenye karatasi hiyo.

Nikawauliza: mnunuzi amekaa mbele yako, anasema mke wa muuzaji amekuja juu, anadai kiwanja hakiuzwi. Kesho asubuhi unafanya nini?

Hawa ni vijana wanaokutajia tofauti ya hakimiliki ya kupewa na hakimiliki ya kimila bila kusita, na vifungu vya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, wamevikariri. Darasa lilinyamaza. Mmoja akasema tufungue kesi Mahakama Kuu. Mwingine akasema twende polisi. Hakuna aliyeuliza kama juu ya kiwanja kuna nyumba, nani anaishi pale leo, muuzaji na mkewe walifunga ndoa lini, hati iliandikwa mwaka gani. Hakuna aliyetaja Baraza la Kata, wakati tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo limebaki na kazi ya kupatanisha, na mtu akiliruka hawezi kupokelewa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siwalaumu. Ndivyo tunavyowafundisha. Tunaanza na sheria ya mkoloni ya 1923, tunapita nadharia za umiliki, Azimio la Arusha, Tume ya Shivji ya masuala ya ardhi, na utatuzi wa migogoro tunaukimbiza wiki mbili za mwisho. Kisha mtihani unauliza "jadili". Mwanafunzi anajadili, anafaulu, anaondoka.

Nataka kugeuza mpango huu. Nataka kozi nzima itembee juu ya karatasi kama ile: tuanze na mgogoro, sheria tuifuate kule unakotupeleka. Na kila tunapofika kwenye swali gumu, tuvuke ziwa tuone jirani amelijibuje. Chukueni hilo la mke. Kwetu kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kiwanja kitupu cha Kisesa ni nyumba ya ndoa? Uganda, Sheria ya Ardhi ya 1998 inaangalia ardhi ambayo familia inaishi na kupata riziki yake. Kenya wana Sheria ya Mali za Wanandoa ya 2013, na kifungu cha 12 kinagusa mali ya ndoa, si nyumba peke yake. Ukiihamisha hati ileile kutoka Kisesa kwenda Masaka ya Uganda au Homa Bay ya Kenya, mke yuleyule anaweza kushinda mahali pamoja na kushindwa pengine. Mwanafunzi akiliona hilo, ndipo anapoanza kusoma maneno ya kifungu chetu kwa makini, neno kwa neno.

Nilipolipeleka wazo kwa wenzangu nilijibiwa mambo mawili. La kwanza, vitendo vina mahali pake, ni Shule ya Sheria kule Dar, wanakopita wahitimu kabla ya uwakili. La pili, sheria linganishi ni ya shahada ya uzamili, hawa wadogo tutawachanganya.

La kwanza silikubali. Mwaka 2022 nchi nzima ilizungumzia matokeo ya Shule ya Sheria, wanafunzi 633 na waliofaulu moja kwa moja 26, mpaka waziri akaunda kamati chini ya Dkt. Mwakyembe. Kila mtu ana maoni yake kuhusu chanzo, nami simnyooshei mtu kidole. Nasema tu kwamba tukimlea mtu miaka minne bila kuandika hata barua moja ya madai, mwaka mmoja wa Dar hauwezi kubeba mzigo wote huo.

La pili nalo linanishangaza, kwa sababu sheria zetu zenyewe zimekuja kwa njia hiyo. Sheria ya Mikataba tuliyonayo imefuata ya India ya 1872. Kanuni ya Adhabu ina ukoo mpaka Queensland, Australia. Mahakama zetu mpaka leo zinarejea sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anasoma hukumu za London kila wiki na hakuna anayesema amechanganywa. Kwa nini ya Kampala imchanganye?

Maswali yangu basi. Darasa ni kubwa na seminari ni saa moja, nawapaje wote kazi ya mikono bila wawili kufanya na wengine kuandika majina? Nasahihishaje? Nichague nchi zipi ili nisigeuze kozi kuwa safari ya dunia? Na nyaraka za watu halisi nizitumie kwa mipaka gani?

---

Wakili_Kirumba aliandika:

Marahaba Mwalimu. Umegusa penyewe.

Ofisini kwangu huwa napokea vijana wa mazoezi kila mwaka. Wana akili, wana heshima, wanafika mapema. Siku ya kwanza nampa kijana jalada la ardhi na kumwambia aniandikie nyaraka ya kufungulia shauri Baraza la Wilaya. Ananiletea hati ya madai ndefu, safi, kama ya Mahakama Kuu. Kule hufungui kwa hati ya madai, unafungua kwa fomu ya maombi iliyo kwenye kanuni za 2003, na fomu yenyewe inakutaka useme ardhi iko wapi, kwa namna ya kuitambua. Nikimuuliza iko wapi anasema "Kisesa". Kisesa ni kubwa! Mashauri mangapi yamekwama kwa sababu tuzo, yaani amri ya kutekeleza hukumu, imetoka na dalali wa baraza amefika pale hajui abomoe ukuta upi?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: watoe darasani wakaione ardhi. Si lazima Kisesa, hata nyuma ya chuo kuna mipaka. Wape futi kamba na karatasi, wachore ramani ya mkono, waandike jirani wa kaskazini ni nani na kuna alama gani, mwembe, jiwe, bikoni. Halafu kundi jingine lipewe ule mchoro tu, liambiwe likatafute eneo. Wakipotea, mchoro haufai, na maombi yaliyoandikwa juu yake hayafai. Hapo mwenye kusahihisha ni ardhi yenyewe.

La pili, wasome mwenendo wa shauri wote, yaani kumbukumbu ya kila kilichosemwa shauri likisikilizwa, wasiishie kwenye hukumu. Vitabu vinatoa hukumu, na hukumu inakuonyesha jengo likiwa limekwisha pakwa rangi. Angalia suala la wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti wa Baraza la Wilaya na kutoa maoni yao. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani kwenye rufaa ya Tubone Mwambeta dhidi ya Jiji la Mbeya ilifuta mwenendo mzima kwa sababu ya jinsi wazee walivyoshirikishwa na maoni yao yalivyoshughulikiwa. Watu walikuwa wamepigania ardhi miaka, mashahidi wamekuja, wameapa, wamehojiwa. Yote yakarudi mwanzo. Mwanafunzi aliyesoma "nani mmiliki" peke yake hawezi kuelewa kilichotokea pale. Aliyesoma mwenendo ukurasa kwa ukurasa anaona mahali ambapo wakili mwangalifu angesimama na kusema, mheshimiwa mwenyekiti, naomba maoni ya wazee yasomwe mbele ya wadaawa.

Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu. Za Kenya ziko Kenya Law, za Uganda ziko ULII. Ile hoja kwamba kuna vitabu viwili tu kwa darasa zima haina nguvu tena kama zamani.

Kuhusu nyaraka: kufuta majina hakutoshi. Mwanza ni mji mkubwa lakini Kisesa watu wanajuana. Badilisha pia mipaka, bei, idadi ya mashahidi. Na shauri linaloendelea usilipeleke darasani kabisa, subiri liishe mpaka muda wa rufaa upite.

---

Kijana_wa_Mkolani aliandika:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Wakili.

Mimi niko mwaka wa nne, si chuoni kwa Mwalimu nadhani. Naomba niseme upande wetu kwa heshima zote.

Tunayataka haya mnayoyasema. Ila mwanafunzi anasomea kile kitakachoulizwa. Mwaka jana mwalimu mmoja alitupeleka mahakamani, tukapanda daladala kwa nauli zetu, tukakaa kwenye benchi kuanzia saa tatu. Mashauri yakaitwa moja baada ya jingine: limetajwa, limeahirishwa, limetajwa, limeahirishwa. Saa sita tukarudi. Ripoti tuliyoandika ilikuwa na alama tano, na wengi walinakili kwa mtu mmoja. Mtihani ukaja, maswali matano, yote "jadili". Waliobaki hosteli wanasoma noti walifanya vizuri kutuzidi.

Kazi za makundi ndizo zinatuumiza zaidi. Kundi la watu 15, wanaofanya ni watatu, mmoja ana laptopu, wengine wanatuma namba za usajili kwenye wasapu. Mwalimu ukitoa jalada kwa kundi, hayo ndiyo utakayopata. Naomba kila mtu ahojiwe peke yake, hata dakika tano. Ukiniuliza "kwa nini umeandika Baraza la Kata halikuwapatanisha, una ushahidi gani?" na sijafanya kazi, itajulikana palepale.

Na kuhusu nchi nyingine, tunachofanyiwa sasa ni hivi: mwishoni mwa mada kunakuwa na slaidi moja, "msimamo wa Kenya", "msimamo wa Uganda", "msimamo wa Afrika Kusini". Tunakariri majina ya kesi. Ukituuliza kwa nini wameamua tofauti hatujui. Kama ni hivyo afadhali iachwe.

---

Wakili_Kirumba aliandika:

Kijana umesema vizuri. La mahakamani lina dawa. Kabla ya kupeleka wanafunzi, mwalimu aende ubao wa matangazo au kwa karani aone orodha ya siku hiyo: lipi linakuja kutajwa, lipi linakuja kusikilizwa. Wapelekwe kwenye la kusikilizwa, shahidi yupo. Hata hapo linaweza kuahirishwa, lakini si yote kwa pamoja. Na wakifika wapewe kitu kimoja cha kuangalia. Kwa mfano, kila wakili anapopinga swali, andika swali lilivyoulizwa na sababu aliyoitoa. Basi. Ukimwambia "angalia mahakama" ataangalia majoho.

---

Mama_Kagera aliandika:

Mwalimu wa Buhongwa, hongera kwa kulileta hili. Nimefundisha Bukoba na kwa muda nikafundisha Kampala, kwa hiyo nitagusa hiyo sheria linganishi, na kijana wa Mkolani amenipa pa kuanzia. Slaidi moja ya "msimamo wa Kenya" si ulinganishi. Ni orodha ya majirani. Kulinganisha ni kuuliza kwa nini watu wenye tatizo moja wametoka na majibu mawili, na kulitafuta jibu ndani ya maandishi ya sheria, ndani ya katiba zao, na ndani ya ujasiri au woga wa majaji.

Nami nina shauri ambalo nalifundisha kila mwaka, na lilimalizikia hapo hapo Mwanza kwenu. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Umri umekwenda, hana wa kumtunza, Agosti 1988 akaiuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo Kashasha, wilaya ya Muleba, kudai mauzo yafutwe, kwa kuwa mila inamruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo lakini si kuiuza. Na mila hiyo haikuwa ya kusimuliwa tu, imeandikwa, ni kanuni ya 20 ya urithi kwenye Tangazo la Serikali namba 436 la 1963. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikageuza. Rufaa ikaja Mahakama Kuu Mwanza.

Mimi hapo nawasimamisha. Siwapi hukumu ya Jaji Mwalusanya. Nawagawa: hawa ni Bernardo, hawa ni Holaria, hawa ni majaji. Nawapa kanuni ya 20, nawapa Hati ya Haki za Binadamu iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na kifungu cha 5 cha ile sheria ya mpito ya mwaka huo, kinachoiruhusu mahakama kuisoma sheria iliyokuwepo kwa marekebisho yanayohitajika ili iendane na Katiba. Waandike hoja, wasimame waseme. Wiki inayofuata ndipo tunasoma alichoamua jaji mwaka 1990: kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume, mauzo yamesimama, na ukoo ukiitaka ardhi uikomboe kwa kurudisha bei. Wanafunzi waliokwisha kutoa jasho juu ya hoja zile wanaisoma hukumu kama watu wanaotafuta jina lao kwenye ubao wa matokeo.

Ndipo tunakwenda Zimbabwe. Magaya dhidi ya Magaya, 1999, miaka tisa baadaye. Binti mkubwa anagombea urithi na mdogo wake wa kiume, Mahakama ya Juu inampa wa kiume. Wanafunzi wanakasirika, wanasema majaji wale ni wabaya. Nawaambia hasira muiweke kando, fungueni katiba yao ya wakati ule, kifungu cha 23. Kiliitoa sheria ya mila nje ya katazo la ubaguzi. Ah! Kumbe mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa komeo. Darasa linatulia, linaona katiba inavyoweza kumfunga jaji mkono.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, wataondoka wakiamini maandishi ndiyo kila kitu. Kwa hiyo tunavuka kwenda Kenya. Katiba yao ya zamani nayo ilikuwa na komeo linalofanana na la Zimbabwe. Hata hivyo mwaka 2005, kwenye Rono dhidi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilitegemea pia mikataba ya kimataifa ambayo Kenya ilikuwa imejiunga nayo, na mabinti wakapata sawa na wana. Kwa hiyo maandishi yanafanana na matokeo ni tofauti. Hapo ndipo mjadala unapokuwa wa kweli, mpaka kengele inapigwa na hawatoki.

Ukiwa na muda ongeza kesi ya Bhe ya Afrika Kusini, 2004. Usipokuwa nao iache. Nchi tatu zilizochaguliwa kwa sababu zinatosha kabisa. Na warudishe nyumbani kabla ya kumaliza, maana hukumu ya Mwanza haikufuta Tangazo la 436. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi dhidi ya Tanzania, kwenye malalamiko ya wajane wawili wa Kisukuma walionyimwa urithi kwa mila hizohizo zilizoandikwa. Hao ni majirani zako, Mwalimu, si watu wa kitabuni. Darasani kwako kuna watoto wa wajane kama hao, ukifundisha hili fundisha kwa staha.

Vitendo nitasema kwa kifupi kwa kuwa Wakili ameshasema. Uganda, wanafunzi wa kozi ya uwakili pale Law Development Centre wana kliniki ya msaada wa kisheria, na tangu kanuni za 2004 wanaruhusiwa kusimama mahakamani kwa makosa madogo na kesi za watoto, wakili msimamizi akiwa nyuma yao. Kijana anayejua kwamba Jumatatu atasimama kumwombea dhamana mtoto wa miaka 15 hasomi kwa namna ya kukariri. Hilo kwetu linahitaji kanuni, halitoki kwa mwalimu mmoja. Lakini kuandaa ile hoja ya dhamana, kuiandika na kuisema mbele ya wenzake, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

---

Msaidizi_Nansio aliandika:

Salaam kutoka Ukerewe. Mimi si mwanasheria wa chuo, ni msaidizi wa kisheria, wale tunaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Naomba mnisikie kwa jambo moja. Wanafunzi huja huku wakati wa likizo. Wanakaa na akina mama mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wanaandika, wanapiga picha, wanaahidi. Wakiondoka simu hazipokelewi. Mama aliyesimulia habari ya mtumbwi wa marehemu mumewe uliochukuliwa na shemeji anakuja kwangu kuniuliza kesi yake imefika wapi, na hakuna kesi, ilikuwa ripoti. Jambo hili linauma, na linaharibu imani kwa wote watakaokuja baadaye. Mkifanya kliniki, awepo mtu mzima wa kubaki na jalada wanafunzi wakienda mitihani. Kama hayupo msianze.

Mkija na mtu huyo, kazi ipo, na huo ulinganishi mnaoutaka uko majini. Samaki ni yuleyule. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na nchi zetu tatu zinakaa pamoja kwenye taasisi ya uvuvi ya ziwa iliyopo Jinja. Ila sheria ni tatu. Sisi tuna ya 2003, Kenya ya 2016, Uganda wameshabadilisha yao ya zamani. Na anayekukamata si mmoja: upande wa Uganda mwaka 2017 waliwekwa wanajeshi kulinda uvuvi, huku kwetu ni maofisa uvuvi, na kosa linaweza kumalizwa kwa faini ya kiofisi bila kufika kwa hakimu. Vijana wetu wakivuka mstari usiku bila kujua, wanashikwa, nyavu na injini vinabaki huko. Familia inakuja kwangu: tufanyeje? Wapeni wanafunzi swali hilo. Ni sheria ya nchi gani, mahakama ipi, injini inadaiwa vipi. Mimi mwenyewe nitafurahi kusoma majibu yao.

---

Mkufunzi_Buhongwa aliandika:

Asanteni sana, nimesoma kila neno, ya Mama Kagera nimeisoma mara nyingi zaidi.

Kijana wa Mkolani, la kuhojiwa mtu mmoja mmoja nimelichukua lilivyo. Jalada litatolewa kwa watu wanne, si 15, na alama nyingi zitakuwa kwenye mahojiano ya mtu peke yake, yeye na jalada lake mezani. Itanila muda wa jioni nyingi, najua, na niko tayari. Mtihani wa mwisho siwezi kuugeuza wote maana unapita idarani, lakini swali la kwanza, la lazima, ninaweza kuliombea liwe la jalada: karatasi tatu, mteja mmoja, andika ushauri. Hilo nitalipigania. Bila hilo uko sahihi, waliobaki hosteli ndio watakaokuwa wameona mbali.

Mama Kagera, shikamoo mama. Nitachukua Holaria Pastory kama ulivyoipanga, na Magaya, na Rono. Nami nitaongeza lile la ridhaa ya mwanandoa, nchi tatu za ziwa, hati moja. Sitagusa nyingine. Ulichosema kuhusu staha kimenigusa. Muhula uliopita binti mmoja aliinuka akatoka katikati ya seminari ya urithi, na baadaye akaniambia kesi ya nyumba yao iko mahakamani. Sasa nitatangaza mada wiki moja kabla, na mwenye sababu apewe upande wa kuandika badala ya kusimama.

Msaidizi wa Nansio, umesema kweli na naipokea. Kliniki sitaianzisha mwaka huu. Sina wakili wa kubaki na majalada, na kuanza bila yeye ni kuwaumiza watu mliokaa nao miaka. Lakini swali la injini iliyoshikwa ng'ambo nitalitoa kama zoezi la kuandika, lenye watu wa kubuni, na majibu bora nitakuletea kwa meli mwenyewe, uyasome uniambie wapi wamekosea. Mtu anayeyaona mambo hayo kila wiki atawasahihisha vizuri kuliko mimi.

Kuna jambo moja hamkuligusa na bado linanisumbua, lugha. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mabaraza ya ardhi na Mahakama za Mwanzo zilikuwa zinakitumia tangu zamani. Sisi tunafundisha na kutahini kwa Kiingereza. Nafikiria fomu ya maombi, ushauri kwa mteja na mahojiano viwe kwa Kiswahili, uchambuzi wa hukumu ubaki Kiingereza kama chuo kinavyotaka. Kuna mwenye uzoefu? Nahofia kuwapunguzia mazoezi ya Kiingereza wanayohitaji Mahakama ya Rufani na kwenye mikataba.

Na Wakili, nina ombi. Yale majalada yaliyokwisha muda wa rufaa, je, naweza kupata mienendo ya mashauri mawili matatu nikayafanyia kazi ya kubadilisha mipaka na bei kama ulivyosema? Nitakuonyesha kabla hayajafika darasani.

---

Mama_Kagera aliandika:

Kwa lugha, fanya hivyo hivyo ulivyofikiria. Kampala nilikuwa na wanafunzi waliokuwa wanaandika Kiingereza kizuri mno, lakini mteja wa Kiganda akikaa mbele yao hawawezi kumweleza nini maana ya ukomo wa muda bila kumtisha. Mwambie mwanafunzi wako amweleze mnunuzi wa Kisesa, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba madai ya ardhi hufunguliwa ndani ya miaka 12 na kwa nini tarehe kwenye hati yake ni muhimu. Kama hawezi, hajaelewa ukomo, na Kiingereza chake kilikuwa kinamfichia.

---

Wakili_Kirumba aliandika:

Mwalimu, majalada yapo. Wateja wenyewe nitawaomba kwanza, wawili nina uhakika watakubali, mmoja sijui. Njoo na barua ya idara ikisema matumizi ni ya kufundishia na nakala hazitoki nje ya darasa. Njoo Ijumaa mchana, mahakamani huwa nimeshamaliza. Na huyo kijana wa Mkolani kama yuko tayari kukaa masjala yangu wakati wa likizo na kujifunza kupanga jalada kuanzia karatasi ya kwanza, aniandikie ujumbe wa pembeni. Nauli nitampa.

---

Kijana_wa_Mkolani aliandika:

Nimeshatuma Wakili. Asante sana.